Fundi Akiharibu, Tuende kwa Nani?

Wageni wafikao Lamu kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza swali moja: magari yako wapi? Huambiwa kwamba magari yamebaki Mokowe, upande wa bara, na kwamba vichochoro vya mji huu mkongwe, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake. Kwa miaka mingi gari lililojulikana kisiwani lilikuwa moja tu, nalo ni la Mkuu wa Wilaya. Siku hizi pikipiki zimeingia na zimezua maneno mengi, lakini hayo tuyaache kwa siku nyingine.

Nitakalo kulisema leo ni kwamba na sisi tuna magari yetu, ila yanakwenda majini. Boti ndiyo matatu yetu, ndiyo teksi yetu, na usiku wa dharura ndiyo gari letu la wagonjwa. Na palipo na gari pana gereji, na palipo na gereji hapakosi malalamiko. Tofauti ni kwamba gari likifa barabarani abiria hushuka wakaenda kwa miguu. Mashine ya boti ikifa majini, abiria hawana pa kushukia.

Kisa chenyewe

Mimi na mwana wa dada yangu tuna boti moja ya faiba, yenye mashine ya nguvu za farasi 40. Hubeba abiria na mizigo baina ya Mtangawanda, kisiwani Pate, na Lamu. Mwaka jana mashine ilianza kupata moto kupita kiasi. Tuliipeleka kwa fundi mmoja ambaye jina lake silitaji, kwa sababu nia yangu si kumfedhehesha mtu gazetini. Fundi akaifungua, akatwambia kwamba pampu ya maji imechoka, yataka impela mpya na gasketi mpya. Akataja bei ya spea na bei ya kazi, jumla shilingi 31,000. Nikatoa fedha taslimu, mkono kwa mkono. Sikuomba risiti, naye hakunipa. Baada ya siku mbili akasema, "Mwalimu, kazi imekwisha, tia mafuta mwende zenu."

Safari ya kwanza ilikuwa salama, na ya pili vilevile. Ya tatu tulitoka Mtangawanda maji yakianza kutoka. Ndani ya boti mlikuwa na watu tisa, na miongoni mwao mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitali ya King Fahd. Ajuaye njia yetu ajua kwamba sharti upite Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko huku na huku, ambao maji yakikauka hubaki tope. Ni mle ndani ambamo yale maji ya kupozea mashine, yanayochuruzika nyuma kama mkojo wa mtoto, yalipokatika. Kijana wangu alipogeuka kutazama, harufu ya kuungua ilikuwa imekwisha kutanda. Mashine ikalia mara moja kwa ukali, ikanoki, ikanyamaza.

Tulikaa pale kwenye tope tangu asubuhi hata alasiri, tukingoja maji yajae. Wanaume walishuka kusukuma, tope likawafika mapajani. Yule mama alikuwa akilowesha leso yake na kumkanda mtoto kichwani, hasemi neno. Mwishowe mashua ya wavuvi ilitupitia, ikatufunga kamba, ikatukokota mpaka Lamu. Mtoto alitibiwa akapona, alhamdulillahi. Lakini siku ya pili nilipokwenda kumjulia hali, yule mama aliniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka: "Mwalimu, lau mwanangu angekufa mle Mkanda, ungenambia nimlaumu nani?"

Nilipeleka mashine kwa fundi wa pili. Alipoifungua mbele ya macho yangu akatoa impela iliyolika mapanga yake, kuukuu, iliyosafishwa tu na kurudishwa mahali pake. Impela mpya niliyoilipia haikuwamo. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kukwaruzika. Gharama ya kuifufua ilikuwa shilingi 64,000. Ile impela mbovu niliitia katika kopo la maziwa nikaiweka. Sikujua wakati ule kwamba kopo lile ndilo litakuwa wakili wangu.

Nikamwendea fundi wa kwanza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Mwalimu, mimi mashine niliitoa hapa ikilia vizuri. Imefia ndiyani, na ndiyani si kwangu."

Kwa Kadhi

Nilipoyatoa maneno haya barazani baada ya sala ya alasiri, wengi walisema kwa sauti moja: mpeleke kwa Kadhi. Yeye Mwislamu, wewe Mwislamu, na jambo hili ni la amana na dhuluma. Nami niliona ni shauri jema mpaka nilipokwenda kuuliza.

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa Kadhi mamlaka juu ya mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa na mahakama yake. Mashine ya boti haimo. Biashara haimo. Deni la fundi halimo.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika zama za Waingereza, pwani ilipokuwa ikihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, palikuwa na mahakama za maliwali na mamudiri zaidi ya zile za makadhi, na Waislamu wa pwani walipeleka huko madai yao ya kila siku. Mkataba wa Oktoba 1963 baina ya serikali ya Zanzibar na Waziri Mkuu Jomo Kenyatta uliahidi kuzihifadhi mahakama za makadhi. Zile za maliwali na mamudiri zikafutwa baada ya uhuru, na Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 ikaweka mpaka nilioutaja. Kwa hiyo babu zetu waliposema "twende kwa serikali" walikuwa na mlango uliokuwa ukisema lugha yao na kufuata ada yao hata katika mambo ya soko. Mlango huo umefungwa zaidi ya nusu karne, na sisi bado tunaubisha.

Hata hivyo nilitaka kujua, je, dini yetu yasemaje juu ya fundi aliyeharibu? Nikamwendea mwalimu mmoja wa fikihi. Akanieleza kwamba wanazuoni hutenga baina ya mwajiriwa wa mtu mmoja na fundi wa watu wote, kama mshoni au mpaka rangi, ambaye huleta kila mtu kitu chake. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliwalazimisha mafundi dhamana ya vitu vya watu, akiona kwamba bila ya hivyo mambo ya watu hayatatengenea. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Lakini mwanafunzi wake Rabii amesimulia kwamba Imam mwenyewe alikuwa hapendi kuitangaza rai hiyo, kwa kuwachelea mafundi wabaya wasiifanye ngao.

Nilicheka niliposikia hayo. Zaidi ya miaka elfu na mia mbili imepita, na Imam Shafi alikuwa amekwisha kuwajua mafundi wetu! Na katika kisa changu hapakuwa na haja ya kubishana madhehebu. Fedha ya impela mpya niliitoa na impela mpya sikuipata. Hiyo si bahati mbaya ya kazi, na jina lake kila mmoja wetu alijua tangu chuoni.

Kwa wazee

Mlango wa pili ni sulhu. Nao ni mlango mwema, na Katiba yenyewe katika kifungu cha 159 inazitaka mahakama zihimize upatanishi na njia za jadi za kumaliza ugomvi. Wazee wawili walituita, mimi na fundi. Tatizo la sulhu ya mitaani kwetu ni kwamba mara nyingi nia yake ni kuzima kelele kuliko kutoa haki. Nilianza kuambiwa: huyu ni mtoto wa fulani, mamake na dada yako wamenyonya ziwa moja, na wewe ni mtu mzima, sameheni. Fundi hakuulizwa impela iko wapi. Mimi ndiye niliyeulizwa kwa nini sina subira.

Sikatai kusamehe. Kusamehe ni daraja kubwa. Lakini mwenye kusamehe ni yule ambaye haki yake imekubaliwa kwanza, kisha akaiacha kwa hiari yake. Anayeambiwa asamehe kabla ya haki yake kutajwa amenyang'anywa mara mbili. Na zaidi ya hayo, mimi naweza kusamehe shilingi zangu, lakini nani amenipa ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya yule mama na mtoto wake? Tukinyamaza leo kwa ajili ya undugu, kesho fundi huyo huyo atarudisha impela kuukuu katika boti nyingine, na huenda wavuvi wasipite.

Kwa hakimu

Basi nikatazama mlango wa tatu, ule ambao watu wetu huuogopa kama pango la chui. Na hapa nataka msomaji asome polepole, kwa sababu niliyoyakuta siyo niliyoyatarajia.

Kwanza, kifungu cha 46 cha Katiba chasema kwamba mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya uchumi, na kulipwa fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Pili, iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Ndani yake imo sehemu nzima inayohusu utengenezaji wa magari na vitu vingine: kwamba fundi atoe makisio ya bei kabla ya kazi, kwamba asitoze kazi ambayo mwenye chombo hakuiidhinisha, na kwamba vipuri vya zamani alivyovitoa amrudishie mwenyewe akivitaka. Na mtu akisema kwamba boti si gari, sheria hiyo hiyo inataka kila huduma anayouziwa mtumiaji iwe na ubora unaokubalika. Boti, gari, cherehani au jokofu, yote ni mamoja.

Tatu, Bunge lilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016. Mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha nyingine zikafunguliwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma na ya kuharibiwa mali. Sheria inataka kesi imalizike katika siku 60. Mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na mahakama haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi. Na pale ambapo mahakama hiyo haijafika, hakimu wa kawaida ana uwezo wa kusikiliza dai la namna hii. Wala usihofu lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi ya nchi, na mbele ya hakimu waweza kusema Kiswahili chako bila ya kuomba radhi.

Nne, haki haifi upesi kama tunavyodhani. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya, dai la mkataba lina muda wa miaka sita, na dai la madhara nje ya mkataba lina miaka mitatu. Lakini ushahidi hufa kabla ya haki. Shahidi husafiri, kipuri hutupwa, na maneno hugeuka.

Na hapo ndipo nilipojiona mimi mwenyewe nilivyo na lawama. Sikuwa na risiti. Sikuwa na karatasi ya makubaliano. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami nimewafundisha watoto methali hiyo miaka mingi ubaoni. Zaidi ya methali, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kushuhudisha. Tunaihifadhi chuoni tungali wadogo, kisha tunakua tukaona kwamba kumwambia mtu "niandikie" ni kumtukana. Ati kwani huniamini? Lakini karatasi haikuwekwa kwa sababu ya kutoaminiana. Imewekwa kwa sababu binadamu husahau, na hufa, na warithi wao hawakuwepo.

Hata hivyo sikuwa mikono mitupu. Nilikuwa na impela katika kopo. Nilikuwa na fundi wa pili, ambaye alikubali kuandika alichokiona na kutia sahihi. Nilikuwa na abiria waliokuwamo. Na nilikuwa na ujumbe mmoja wa simu, ambamo fundi wa kwanza aliniandikia jumla ya fedha na neno "impela mpya". Kanuni ni ile ile kwa hakimu na kwa Kadhi: mwenye kudai alete ushahidi. Nikaandika barua ya madai ukurasa mmoja, nikaeleza kisa, nikataja sheria, nikampa siku 14 kabla ya kwenda mahakamani, nikabaki na nakala.

Usiku wa siku ya tisa fundi alibisha mlango wangu, pamoja na ami yake.

Upande wa pili

Haki yataka na upande wa pili usikizwe. Alipokaa na kunywa kahawa, fundi alisema kweli. Impela mpya aliiagiza Mombasa na haikuja. Mimi kila siku nilikuwa nikimpigia simu kumhimiza, kwa sababu Maulidi yalikuwa yamekaribia na abiria wangejaa. Akaona airudishe ile ya zamani, akitumai kuibadilisha spea itakapofika. Ilipofika, aliona haya kuja kuniambia. Haya hiyo ndogo ndiyo iliyotaka kuua watu tisa.

Nilimwambia kwamba kuhimiza kwangu kulikuwa kosa langu, lakini kuninyamazia lilikuwa kosa lake. Angalisema neno moja tu, "Mwalimu, spea haijafika, boti isitoke," ningalikasirika siku mbili na yote yangalikwisha.

Na tusisahau kwamba mafundi wetu nao wana msiba wao. Spea za bandia zimejaa madukani, ingawa nchi ina sheria ya kupiga vita bidhaa bandia tangu mwaka 2008. Wengi wamejifunza kwa kutazama tu, bila ya kuufanya ule mtihani wa ufundi unaosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda. Zamani fundi wa jahazi wa Matondoni alijulikana kwa chombo chake. Kikivuja, mji mzima ulijua ni mkono wa nani, na hofu ya jina ilitosha kuwa sheria. Na katika miji ya Kiislamu ya kale palikuwa na muhtasibu, afisa wa soko aliyekagua mizani na kazi za mafundi. Mashine za leo ni sanduku lililofungwa, mteja haoni kilichomo ndani, na muhtasibu hayupo. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuaminiana peke yake.

Tuliandikiana usiku ule ule, mbele ya mashahidi wawili: atanilipa shilingi 40,000, kila mwezi 5,000. Salio nililisamehe, na safari hii nilisamehe nikijua nimesamehe nini. Mpaka leo amelipa mara tano na hajakosa mwezi. Na niliweka sharti moja lisilo la fedha, kwamba aende mwenyewe kwa yule mama akamwambie lililotokea. Alikwenda.

Tufanye nini?

Ushauri wangu kwa wenye boti, na kwa wenye magari wa Mokowe, Witu na Mpeketoni, ambako lami ya barabara ya Garsen imeongeza magari na gereji, ni mchache. Bei na kazi iandikwe kabla ya kufunguliwa mashine, japo kwa simu. Risiti iombwe bila haya. Spea ya zamani urudishiwe mkononi mwako. Kikiharibika, usifungue wala usitupe mpaka fundi mwingine ashuhudie. Uanze kwa fundi mwenyewe, kisha sulhu yenye kuandikwa, na mlango wa hakimu ubaki wazi nyuma yake. Sulhu ina nguvu pale ambapo kila mmoja ajua kwamba mlango huo upo.

Na kwa wazee wetu wa mabarazani nasema kwa heshima: mkituita kusuluhisha, anzeni kwa kuuliza impela iko wapi. Undugu tutaujua baadaye.

Yule mama sasa hupanda boti yetu kila mara. Kabla ya kukaa hutupa jicho nyuma, kwenye yale maji yanayochuruzika. Akiyaona yanatoka, ndipo hukaa.